Nimechaguliwa kuongoza ushirika, lakini hotuba niliyoandikiwa siiamini

Dada Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu na mkulima wa korosho katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Mtwara. Tangu mwanzoni mwa mwaka huu ni mwenyekiti wa bodi ya chama chetu cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS. Sikuwahi kuingia kwenye bodi kabla ya hapo. Nadhani wanachama walinichagua kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikisaidia kuandika uzito siku za kupima mzigo, na wengi wameniona nikiwarudishia mizani pale waliposhuku kilo zao.

Mwenyekiti aliyenitangulia ni mzee ninayemheshimu, na Mungu amemjalia kipaji cha kuzungumza. Akishika kipaza sauti huanza kwa kuwasalimia wazee kwa majina, huchanganya Kiswahili na Kimakonde, hutoa kisa cha kuwachekesha watu, kisha hupandisha sauti mpaka akina mama wanapiga vigelegele. Ghala letu jipya alituahidi kwa namna hiyo, nasi sote tukakubali kukatwa shilingi 30 kwa kila kilo ili lijengwe. Leo ghala limesimama kwenye linta. Baada ya makabidhiano ya ofisi, bodi mpya ilikuta pia kwamba chama kinadaiwa shilingi milioni 41 na mfanyabiashara aliyetukopesha salfa (dawa ya kupulizia mikorosho) ya msimu uliopita, na kwamba sehemu ya makato ya ghala ilitumika kupunguza deni hilo. Wakaguzi wa COASCO, shirika la serikali linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, wameshapita kwetu, ila taarifa yao bado hatujaipata. Hakuna aliyethibitika kufanya ubadhirifu, nami sitaki kumtuhumu mtu.

Mkutano mkuu unafanyika kabla ya msimu kufunguliwa, na mimi ndiye natarajiwa kuhutubia. Kila aliye karibu nami ana lake. Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu ameniandikia hotuba ndefu na nzuri kwa lugha, akanitaka niikariri, nitembee mbele ya watu na kuinua mikono, kwa kuwa anasema kiongozi hutoa matumaini, hasomi madeni. Sentensi mojawapo inasema: "Pamoja na changamoto za kifedha zilizojitokeza, bodi imejipanga kikamilifu kuhakikisha kwamba chama kinasonga mbele kwa kasi." Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi, na mimi mwenyewe sijui inamjibu nini mtu anayeuliza zilikokwenda fedha zake.

Katibu meneja anaogopa kwamba deni likitangazwa, wanachama watakimbilia kuuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya ushirika, chama kitakosa mzigo na ushuru, na deni halitalipika kamwe. Makamu mwenyekiti, ambaye ni msemaji hodari, amejitolea kuzungumza kwa niaba yangu. Mume wangu anaona hilo ndilo la busara, kwa sababu mimi nikisimama mbele ya watu sauti hutetemeka. Nilipojitambulisha kwenye kikao cha kijiji karatasi ilinitikisika mkononi hadi bibi mmoja aliyeketi mbele akanisogezea kiti.

Dada, mtu asiye na kipaji cha kuzungumza anaweza kuwatia watu moyo? Niseme yote, au niseme yale tu yatakayowafanya warudi nyumbani na matumaini? Naomba unisaidie kufikiri, maana usingizi umenipaa.

Mwenyekiti mpya, Kusini

Marahaba, mdogo wangu Mwenyekiti. Pole kwa mzigo huo, na asante kwa kuueleza kwa utulivu namna hii. Katika barua yako nzima hukumtupia lawama mtu hata mmoja, na wanaokuzunguka umewaeleza kwa haki, hata wale usiokubaliana nao. Naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu nitalirudia nitakapofika kwenye swali lako la kipaji.

Nimeisoma barua yako na kuona maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni namna ya kusema: sauti, mikono, kukariri, nani ashike kipaza sauti. La pili ni jambo gani lisemwe. Washauri wako, kwa nia njema kabisa, wanalijibu la pili kwa kupitia la kwanza. Mpwa wako anadhani lugha nzuri itafunika deni, na mume wako anadhani sauti isiyotetemeka itawatuliza watu. Mimi ningependa tuyatenganishe maswali hayo kwanza, hata kama mwishoni yatakutana.

Tuanze na mzee aliyekutangulia, kwa kuwa naona unajipima naye. Ni kweli aliwatia watu moyo, na kipaji chake si cha kubezwa. Kuwasalimia wazee kwa majina kuna maana kubwa: kunamwambia kila aliyetajwa kwamba msemaji anamjua na anamhesabu. Lakini jiulize, mlipokubali kukatwa shilingi 30 kwa kilo, mlikubali kwa sababu ya vigelegele peke yake? Huenda mlikubali pia kwa sababu misimu ya nyuma malipo yalifika, pembejeo zilifika, na mzee alionekana ofisini. Hotuba ya siku ile ilitumia akiba ya imani iliyowekwa siku nyingine, na sasa ghala lililokwama linaipunguza akiba hiyo, hata ufasaha uwe ule ule.

Mfano ninaoufikiria sana ni wa Mwalimu Nyerere, Novemba 1978, alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin. Watanzania wengi wanakumbuka mambo matatu aliyoyataja, uwezo, sababu na nia, na wengine huyarudia hadi leo kwa sauti ile ile. Tunalosahau ni kwamba kabla ya kufika hapo aliwaeleza watu habari mbaya bila kuipaka rangi: majeshi ya adui yameingia nchini na yameshika ardhi yetu ya Kagera. Tena aliyasema hayo akiwa ameiongoza nchi kwa zaidi ya miaka 15. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na kuinyooshea kidole mishahara ya wakubwa, aliwafukuza chuoni, uamuzi uliowaumiza wengi, lakini siku hiyo hiyo alikubali kwamba mishahara ya viongozi ilikuwa mikubwa mno na akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likawawekea viongozi masharti ya maadili. Mtu wa namna hiyo anaposema kwamba nia tunayo, msikilizaji ana kitu cha kupimia neno hilo, awe anampenda au hampendi.

Utaniambia kwamba wewe huna miaka hiyo. Ni kweli, ila una mizani. Wanachama wenu wamekuona ukiandika kilo zao, na wamekuona ukirudia kupima mtu aliposhuku. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliona kwamba msikilizaji hutafuta mambo matatu kwa msemaji: kama analielewa jambo analolizungumzia, kama ni mwadilifu, na kama anawatakia mema wanaomsikiliza. Naye alisisitiza kwamba imani hiyo inapaswa kuzaliwa ndani ya maneno yenyewe yanayosemwa, isitegemee sifa za zamani tu. Kwa kiongozi mpya hii ni habari ya kutia moyo. Haki uliyowafanyia watu katika barua yako inaweza kusikika pia katika hotuba yako, na hiyo ndiyo sehemu ya kipaji ambayo mafunzo ya kuinua mikono hayaigusi.

Sasa tuitazame ile sentensi ya mpwa wako, kwa sababu naona ndiyo iliyokunyima usingizi. "Changamoto za kifedha zilizojitokeza": hapo hakuna aliyekopa, hakuna aliyetumia, hakuna kiasi wala tarehe, ni kana kwamba deni limeota lenyewe kama uyoga. "Imejipanga kikamilifu kuhakikisha": mwakani mwanachama akitaka kujua kama mlitimiza, atakagua nini? Sentensi ya aina hii haina uongo ndani yake, na kwa hiyo inaonekana salama, lakini msikilizaji haimpi chochote cha kushika. Ilinganishe na hii: "Chama chetu kinadaiwa shilingi milioni 41, za salfa tuliyopulizia msimu uliopita. Sehemu ya shilingi 30 mlizokatwa kwa ajili ya ghala ilitumika kupunguza deni hilo. Yote hatujayajua bado, kwa sababu taarifa ya COASCO haijafika, na itakapofika itasomwa mbele yenu." Mtu anaweza kukasirika akisikia hivyo, na ana haki ya kukasirika. Lakini kila kipande cha maneno hayo anaweza kwenda kukikagua, na msemaji amemwonyesha hata mahali ujuzi wake unapoishia. Kwa uzoefu wangu, watu humwamini zaidi anayesema "hapa sijui" kuliko anayejua kila kitu.

Tahadhari kubwa zaidi iwe katika ahadi. Wakulima wa korosho wana masikio makali kwa tarakimu zinazotamkwa hadharani. Shilingi 3,300 kwa kilo, bei iliyotangazwa na serikali Novemba 2018, inakumbukwa hadi leo katika mikoa ya kusini, na vilevile unakumbukwa uhakiki uliofuata na miezi ambayo wengi walisubiri malipo yao. Kwa hiyo ukiahidi ghala litaezekwa msimu huu na halikuezekwa, umeongeza deni la pili juu ya lile la salfa. Ahadi ndogo yenye tarehe, kwa mfano kwamba mapato na malipo ya deni yatabandikwa kwenye ubao wa ofisi kila baada ya mnada, inaweza kuonekana haina mvuto siku ya mkutano, ila utaweza kuitekeleza hata kama bei ya korosho itashuka.

Hapa namkuta katibu meneja wako, ambaye hofu yake si ya kupuuzwa. Wanachama wakipeleka mzigo kangomba, chama kitakosa ushuru na deni litaendelea kukaa. Ningependa umuulize kwa upole: je, tunaamini kweli kwamba wanachama hawajui? Ghala lililoishia kwenye linta linaonekana na kila apitaye njiani, na aliyewakopesha salfa ana makarani, majirani na ndugu. Viongozi wakinyamaza, hesabu hufanywa vijiweni, na huko milioni 41 huwa mia kwa haraka sana. Hata hivyo siwezi kukuahidi kwamba ukweli hautamkimbiza mtu. Watakuwapo watakaosikia neno deni na kuacha kusikiliza. Hatari hiyo inaweza kupungua iwapo kabla ya mkutano bodi itakaa na mdai na kupata mpango wa kulipa kwa awamu, ikamhusisha afisa ushirika wa wilaya, na kwenda ukumbini na karatasi ya makubaliano mkononi. Msemaji anayeleta deni pamoja na mpango anawapa wanachama kitu cha kujadili, na mtu anayejadili bado yumo ndani ya chama. Nadhani matumaini aliyoyakusudia mpwa wako yanapatikana hapo, katika kumpa mwanachama sehemu yake ya uamuzi: makato yaendelee au yasimame, ghala lingoje au litangulie.

Nikuambie pia upande wa pili, ili usidhani kwamba ninakusukuma kusema kila kitu ovyo. Ukweli unaweza kusemwa kwa namna inayojeruhi bila kusaidia. Kabla taarifa ya ukaguzi haijafika, neno kama "zilitumika vibaya" ni hukumu, na mzee aliyekutangulia atakuwa ameketi mbele yako, pengine na wajukuu zake. "Zilitumika kupunguza deni la salfa" ni jambo mlilolikuta kwenye vitabu, na linatosha kwa sasa. Chunguza pia moyo wako, mdogo wangu. Kuna kueleza deni ili wanachama waamue, na kuna kulieleza ili sisi wapya tuonekane safi. Sisemi kwamba unayo nia hiyo ya pili, barua yako hainionyeshi hivyo, ila jukwaa humbadilisha mtu, na watu wakianza kukushangilia kwa sababu mzee anaumbuka, utahitaji kuwa umeshaamua mapema utawajibu nini.

Wengine wangekushauri umtembelee mzee nyumbani kabla ya mkutano, umweleze yatakayosemwa, na umpe nafasi ya kusimama na kueleza upande wake. Kwa desturi zetu hilo ni jambo la heshima, na linaweza kumgeuza akawa msaada mkubwa, kwa kuwa watu bado wanampenda. Linaweza pia kumpa muda wa kukusanya kundi lake. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kuhusu makamu wako, kugawana kazi si woga. Katika mikutano mingi ya ushirika katibu meneja ndiye asomaye mapato na matumizi, na hakuna anayemwona mwenyekiti kuwa dhaifu kwa sababu hiyo. Makamu anaweza kukaribisha wageni, kueleza utaratibu na kufunga mkutano. Swali langu ni moja tu: habari ya deni ikitoka kinywani mwa mtu mwingine nawe umeketi kimya meza kuu, wanachama wataelewa nini? Pengine hawataona tatizo. Pengine watajiuliza kama mwenyekiti anajua, au kama ameambiwa anyamaze. Na ikiwa makamu ndiye atakayesema, kubalianeni maneno yenyewe, kwa sababu msemaji hodari akishangiliwa huweza kutoa ahadi ambayo bodi haikuipitisha. Mume wako naye mwulize, mkiwa wawili, kinachomwuma ni kutetemeka kwako au ni maneno ya watu kuhusu mke wake. Ni maumivu mawili tofauti, na yote mawili yanastahili kusikilizwa, ila hayana jibu moja.

Sasa sauti. Mfalme George VI wa Uingereza alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, akafanya mazoezi kwa miaka na mwalimu wake, Lionel Logue. Tarehe 3 Septemba 1939, nchi yake ilipoingia vitani, alizungumza redioni polepole, kwa vituo virefu, na watu wake wakamsikiliza. Abraham Lincoln naye, rais wa Marekani, pale Gettysburg mwaka 1863, alizungumza kwa dakika mbili hivi baada ya Edward Everett, msemaji mashuhuri wa wakati huo, kuhutubia kwa saa mbili, na siku iliyofuata Everett mwenyewe alimwandikia kumsifu. Sikupi mifano hii ili uige wakubwa wa nchi za mbali. Nataka tu uone kwamba ufupi na polepole havijawahi kuwa aibu ya kiongozi. Yule bibi aliyekusogezea kiti hakuondoka, wala hakucheka. Inawezekana alichokiona si udhaifu, bali mtu anayelichukulia jambo kwa uzito.

Vipo vya kufanya kwa mikono. Karatasi nyembamba hutikisika, kwa hiyo iweke juu ya daftari gumu au juu ya meza. Andika sentensi fupi, kila moja kwenye mstari wake, na anza na salamu uliyoizoea, kwa lugha ambayo ungewasalimia wazee hao njiani, iwe Kiswahili au Kimakonde. Fanya mazoezi kwa sauti shambani, msaidizi wako akiwa amesimama mbali kama mzee asiyesikia vizuri. Mikono iache ifanye inavyopenda. Na muda mwingi wa mazoezi ningeutumia kwa maswali, kuliko hotuba yenyewe, kwa kuwa uaminifu wa kiongozi hupimwa pale mwanachama anaposimama akiwa amekasirika na kuuliza swali lisilo na adabu. Mwombe katibu meneja awe mwanachama huyo. Mwache akukatize. Jizoeze kusema "hilo sina jibu lake leo, nitalileta kwenye kikao cha tarehe fulani" bila kujitetea na bila kucheka kwa wasiwasi.

Sitakuamulia, kwa sababu wewe ndiye utakayeishi na watu hao msimu baada ya msimu, na unajua mambo ambayo barua haiwezi kubeba: nani ana uchungu na nani, mdai wenu ni mtu wa namna gani, mzee ana afya gani. Inawezekana ukaona kwamba mwaka huu chama kinahitaji sauti ya makamu na tarakimu zako. Inawezekana pia ukaona kwamba ni lazima usimame mwenyewe, hata kwa dakika chache. Vyovyote utakavyoamua, mpwa wako usimwache pembeni. Amekupenda kwa namna anayoijua. Mpe kazi ya kuchapa hesabu za deni na za makato kwa herufi kubwa, zibandikwe ukutani kabla watu hawajaingia, na mwambie akae nyuma kabisa ya ukumbi, kwenye kundi la wale bibi, akuinulie mkono kila usiposikika. Utuandikie baada ya mkutano, hasa maswali mliyoulizwa.